Pete Iliyomvusha Mama Ziwa

Mwaka ule nilikuwa nimeshikwa na wazimu wa kupanda mawe. Nilikuwa na miaka thelathini na ushee, sijaolewa, nafundisha fizikia sekondari, nimepanga mtaa wa Pasiansi, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na majabali makubwa yaliyopandana. Jirani yangu wa mlango wa pili, dada mmoja muuguzi, ndiye aliyenianzisha. Jumamosi tulivaa raba, tukajipaka vumbi la chaki mikononi, tukakwea. Kila nilipofika juu na kuliona ziwa, nilijikuta nacheka peke yangu bila sababu.

Siku niliyoumia nilikuwa nimening'inia kwenye ukingo mwembamba wa jiwe kwa ncha za vidole, viungo vya katikati vimekunjwa kabisa. Mguu ukateleza. Uzito wangu wote ukaangukia mkono wa kushoto, na kidole cha pete kikalia pa. Jirani aliyesimama chini alidhani nimevunja kijiti. Nilishuka nikiwa nimekikumbatia kidole, na hata kabla hatujafika nyumbani shina lake lilikuwa limevimba.

Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyenipokea hospitalini alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Mara, mchangamfu kupita kiasi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia nishike mkono wangu chini ya kiwiko na kukunja vidole. Nyama ikacheza chini ya kiganja changu. Akanieleza kwamba misuli mikubwa ya kukunja vidole iko huko juu. Ndani ya kidole chenyewe zinapita kano, mfano wa kamba ngumu, zikivutwa kutoka mbali. Kano hizo zimebanwa kwenye mfupa na vikanda vidogo, kama vile uzi wa kuvulia unavyopita kwenye vipete vya fimbo yake. Kikanda kikikatika, kano huinuka na kuuacha mfupa, kama uzi wa upinde.

"Hizo ni kapi," nikasema.

"Ndiyo, ni kapi," akasema.

Nikacheka mpaka akaweka kalamu chini. Nilikuwa nimefundisha kapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba, miaka yote ile, nimening'iniza mawe ya mizani mbele ya madarasa, na kumbe nilikuwa nazo vidoleni nikiandikia ubaoni. Akanipaka mafuta ya baridi, akapitisha kipimo cha ultrasaundi, akaniambia nisukume taratibu kwa ncha ya kidole. Kwenye kioo cha mashine, kano ikanyanyuka kutoka kwenye mfupa. Niliomba aniruhusu nirudie. Alikataa, ila naye alikuwa anatabasamu. Alisema ukining'inia kwa vidole vilivyokunjwa namna ile, kikanda cha shina hubeba mzigo mkubwa kuliko ule ulioko nchani, kwa sababu kano inapinda kwa nguvu na kukisukuma nje. Bahati nzuri kilikuwa kimekatika kimoja tu, kwa hiyo sikuhitaji kupasuliwa. Alilainisha kipande cha plastiki kwenye maji ya moto, akanitengenezea pete nene ya kukaa kwenye shina la kidole, ifanye kazi ya kikanda mpaka kipone. Nisiivue.

Jumapili nikaenda nayo kanisani.

Mama yangu mdogo, anayekaa Nyakato, aliiona wakati wa kupeana mikono ya amani. Hakuniuliza kitu. Alinikumbatia kwa muda mrefu, macho yamemlowa, na mimi nikadhani ananipa pole. Siku chache baadaye mama alinipigia simu kutoka Bukoba akisema yuko ndani ya meli, nimpokee bandarini asubuhi.

Alishuka na mkungu wa ndizi, kopo la senene wa kukaanga, na gauni refu la sherehe, gomesi mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Kabla sijamaliza kumwamkia alinishika mkono, akaitazama ile pete, nikaona anajikaza asionyeshe kusikitika kwamba ni ya plastiki.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya kano, mama."

Akafikiri kidogo. "Huyo Kano ni wa ukoo gani?"

Nilikaa chini palepale, juu ya mzigo wa mtu. Nilicheka nikashindwa kuongea, na kila nilipoanza kueleza, jina la Kano lilinirudisha nyuma. Alipoelewa kwamba si pete ya uchumba aliuachia mkono wangu, nikaogopa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Tulicheka hadi mwenye mzigo alipokuja kuuchukua.

Njiani alinikumbusha mara mbili kwamba mashangazi walikuwa wameshaanza kushona sare za harusi. Lakini alitaka kuiona hiyo kano. Nilipokwenda kukaguliwa tulikwenda wote, na yule mtaalamu, baada ya kusikia kisa, alimpitishia mama kipimo kwenye kidole chake mwenyewe. Mama alikunja na kukunjua, akaiona kano yake ikiteleza mle ndani, imetulia juu ya mfupa. Akauliza kama ndiyo hiyo iliyomenya ndizi miaka yote. Akaambiwa ndiyo hiyohiyo. Tulipotoka nje akasimama, akauangalia mkono wake juani, akaupindua huku na huku.

Senene tulikula mimi, mama na jirani. Gomesi aliivaa kanisani, akamwambia mama mdogo mbele za watu kwamba mkwe yuko ndani ya kidole, mkimya sana, ila mchapakazi.

Kidole kilipona. Nilianza tena na mawe mafupi, nikishika kwa kiganja kizima kama nilivyoagizwa. Siku niliyorudi juu nilimpigia mama simu nikiwa bado nahema. Akaniuliza Kano hajambo.