Kazi Yangu Ilikuwa Kukohoa

Milio ya bunduki kwenye simu ya mwanangu nimeshaizoea, siku hizi hainishtui. Kilichonisimamisha mlangoni Jumamosi iliyopita, sufuria mkononi, ni sauti yake mwenyewe akimwelekeza mwenzake wa kwenye gemu: "Wewe kaa hapo wakuone. Wakikujia, sisi tunawamaliza." Papo hapo nikasikia harufu ya majani makavu ya mgomba yakiungua, na humu ndani hakuna hata jiko la mkaa.

Nilikuwa darasa la kwanza, Bugene, miaka michache baada ya vita. Tuliishi kwenye kibanja cha mjomba, migomba imesongamana hata jua la mchana linaingia kwa kuiba. Kwetu hasa ni Murongo, mpakani, lakini huko nilitolewa nikiwa mgongoni kwa Mama. Nikiuliza habari za baba, Mama alijibu neno moja tu, "Alibaki," nami kimoyomoyo nilikuwa nimemnunia huyo baba aliyependa nyumba kuliko sisi.

Mchezo wetu ulikuwa vita. Tungecheza nini kingine? Bunduki tulizitengeneza kwa uti wa jani la mgomba: unachanja vipande, unavisimamisha, ukivipitishia kiganja vinalia ta-ta-ta-ta. Anayeshtukizwa na mlio huo amekufa, analala chini. Kaka yangu Deo, mkubwa kuliko wote, alikuwa kapteni wetu, na mimi kwa udogo wangu nilikuwa chambo. Kazi yangu ilikuwa kukohoa. Nawasha majani makavu palipo wazi, nakaa kando ya moshi, nakohoa. Maadui wakininyemelea, wenzangu waliojificha wanawapiga kutoka nyuma.

Niliogopa, wasomaji wangu, nisiwadanganye. Afadhali yangu ilikuwa moja: Deo hakuweza kusubiri. Maadui hawajafika hata mtegoni, yeye keshachomoka ananipigia kelele, "Kimbia! Koku, kimbia!" Basi tunamalizwa wote. Tulishindwa kila mara, tukawa kichekesho cha watoto wa Bugene nzima.

Siku moja wenzetu wakachoka. Speratus, mtoto wa jirani, akajipa ukapteni, na wavulana wawili wakapewa kazi ya kumkalia Deo na kumziba mdomo. Nikawasha moto. Nikakohoa. Nikasikia miguu inakanyaga majani, nikangoja sauti ya kaka yangu. Haikuja. Nikakohoa tena, safari hii nalia. Walinizunguka, bunduki zao zikinielekea usoni, ndipo ta-ta-ta ikalia nyuma yao. Tumeshinda! Speratus akarukaruka kama ndama.

Deo alipoachiwa hakumpiga mtu. Alikuja akanishika kichwa, mikono, miguu, ananikagua. Mama naye alikuwa ameuona moshi, akatokea mbio na jembe lake.

"Mawe, mama yangu! Nani kawasha moto?"

"Tulimwacha, Mama," Deo alisema. "Tulimwacha tena."

Jembe likamponyoka. Mama akaketi palepale chini, kwenye majani, wala hakutuchapa. Mimi nilifurahi kuikwepa fimbo, na lile "tena" likanipita.

Nililielewa nikiwa mtu mzima, Mama aliponisimulia asubuhi waliyokimbia Murongo. Baba alisema askari wa adui wakiona moshi wataiendea nyumba kwanza, na wakikuta mtu hawatahangaika kutafuta wengine. Akabaki anachochea moto jikoni, Mama akashuka nasi kwenye mafunjo ya mtoni. Hatukupata hata mwili wa kuzika. Deo, mtoto mdogo wa kukokotwa mkono, aligeuka nyuma njia nzima kuutazama ule moshi. Nami miaka yote ile nilikuwa nimemnunia mtu aliyekaa kwenye moshi kwa ajili yangu.

Niliweka sufuria chini. "Na huyo mwenzako," nilimuuliza mwanangu, "mnamrudia?"

"Ya nini, Mama? Akifa anaanza upya," alijibu bila kuinua macho.

Sikuondoka pale mlangoni mpaka niliposikia, kwenye simu, sauti ya yule mwenzake imerudi.