Alhamisi Isiyokuwa na Msaragambo

Ukifika Mamba msimu wa tangawizi huna haja ya kuulizia kiwanda cha Nickson kiko wapi. Fuata pua. Na kama ni saa saba mchana, pua hiyohiyo itakuzungusha mpaka nyuma ya jengo, kwenye banda la mabati ambako Honorata amepika kwa miaka tisa. Anapika kande za mahindi na maharage. Wako watu wa mjini wanaosema kande ni chakula cha shida. Hao hawajaonja za Honorata, zilizoungwa kwa kitunguu na karanga, na tunawaombea waishi mpaka waonje.

Honorata ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mnene kiasi, mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Anaimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika. Mumewe, Eliamini, analima tangawizi na migomba, na binti yao Agape yuko chuo cha ualimu, ada yake ikitoka kwenye kande hizohizo. Ukimuuliza Honorata habari za maisha atakwambia ni mazuri, na hasemi hivyo kwa adabu tu. Anayapenda kweli. Lakini mwaka jana, kwa muda wa miezi miwili na ushee, hakuyapenda, na sababu yake ilikuwa sahihi aliyoweka kwa mkono wake mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nne, siku ya kumzika mzee Zephania. Kwetu milimani, mtu akifa kitongojini, jembe haligusi udongo mpaka azikwe, isipokuwa jembe la kaburi. Hakuna anayekwenda shamba. Hata msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuchimba mifereji na kutengeneza barabara, ambayo asiyefika hutozwa faini, siku hiyo huahirishwa. Nickson alizaliwa hapahapa lakini akalelewa Dar es Salaam, na mambo haya aliyajua kwa kusimuliwa tu. Akasema kuna mzigo wa tangawizi lazima uondoke jioni, anayetaka kuzika aende, na atakayebaki, yeye Nickson atamkumbuka kwenye malipo.

Wengi walikwenda. Alibaki Elinaza, kijana wa miaka thelathini na moja aliyekuwa na watoto wawili na deni la mabati. Mashine ya kukata tangawizi huendeshwa na watu wawili, mmoja analisha na mwingine anatoa. Siku hiyo Elinaza alilisha na kutoa peke yake. Honorata, aliyekuwa bandani akipika chakula cha kupeleka msibani, alisikia mlio wa mashine ukibadilika, kisha akasikia ukelele. Alimkuta ameshika mkono wake wa kulia kama mtu aliyeshika kifaranga. Akamfunga kanga, akapiga kelele mpaka bodaboda ikapatikana, na Elinaza akateremshwa hospitali Same. Vidole vitatu havikurudi naye.

Jumapili jioni Nickson alimwita Honorata ofisini. Akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama mdogo," alisema, na hilo nalo lilikuwa jipya, "hii ni karatasi ndogo tu. Ni ya kumaliza mambo ya Elinaza hospitali. Nahitaji shahidi mtu mzima anayeheshimika."

Honorata alivaa miwani, akasoma. Karatasi ilisema Elinaza si mfanyakazi wa kiwanda. Ilisema alijikata kwa panga siku ya Alhamisi akiwa kwenye msaragambo wa kusafisha mfereji, na kiwanda kilimsaidia usafiri kwa huruma.

"Lakini Nickson, mwanangu, hili siyo..."

"Mama mdogo, kiwanda kikifungwa tutakula wapi? Agape amebakiza mwaka mmoja, si ndiyo?"

Tusimtetee. Hakudanganywa, hakulazimishwa, na miwani yake ilikuwa machoni. Alielewa kila neno, akaona na ile tarehe, akajua ni tarehe gani, na akasaini. Akarudi nyumbani, akamwambia Eliamini kichwa kinamuuma.

Elinaza alipotoka hospitali alianza tena kuja kanisani, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Kila Jumapili baada ya ibada alimfuata Honorata palepale uwanjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu."

Honorata aliitikia huku akitazama viatu vyake. Kwaya ilimshangaa, maana sauti ya pili ilikuwa imeanza kutetereka.

Jumatatu moja Honorata alikutana bombani na Fortunata, mke wa Elinaza, mwanamke mkavu wa maneno. Akatua ndoo yake.

"Mama Agape, tulipeleka maombi kwenye Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Yamekataliwa. Wanasema mwajiri ameandika kwamba mume wangu siyo mfanyakazi. Eti alijikata kwenye msaragambo. Na shahidi yupo."

"Shahidi?"

"Yupo," alisema Fortunata. Akajitwika ndoo, akaenda zake.

Siku hiyo kande ziliungua. Miaka tisa hazijawahi kuungua. Watu walizila hivyohivyo, na hakuna aliyethubutu kutania.

Usiku wake Honorata alimweleza mumewe yote. Eliamini alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe tuendeshe kesi ya kuku.

"Sasa hapa," alisema Eliamini, "kuku ni wa Elinaza, na ng'ombe ni kazi yako. Mimi ninachojua ni kwamba hujaimba humu ndani tangu Pasaka. Nimechoka na ukimya huu."

Kesho yake, kabla ya kuwasha moto, Honorata alipita zahanati. Ukutani palikuwa na tangazo la Mfuko lenye namba ya kutoa taarifa za waajiri wanaodanganya. Alipiga, na binti upande wa pili akamuuliza kama angependa jina lake lifichwe.

"Litajwe," alijibu. "Mimi sio mchawi niende kwa watu nikiwa nimejificha."

Kisha akaenda kuwasha moto wa kande.

Wiki ya tatu akaja mchunguzi, Jesca, mwanamke mdogo mwenye viatu vya kutembelea na faili kubwa. Aliomba orodha ya wafanyakazi. Nickson akampa ile aliyokuwa akiipeleka kwenye Mfuko kila mwezi na kuilipia michango. Ilikuwa na watu sita. Sita! Honorata peke yake alikuwa anachemsha kande debe zima kila siku. Labda wale sita walikuwa na njaa sana.

"Na hao wengine ninaowaona?" Jesca aliuliza.

"Hao ni wanakijiji, afisa. Huku kwetu kuna utamaduni wa msaragambo, watu wanakuja kujitolea. Hata huyo Elinaza aliumia hivyohivyo. Shahidi wangu huyu hapa, mama mzima, mwanakwaya. Honorata! Hebu njoo umweleze afisa."

Maskini, hakujua anamwita nani. Honorata alitoka bandani akijifuta mikono kwenye kanga. Wenzake walikuwa wameacha kazi na mashine ilikuwa imezimwa. Elinaza hakuwepo, na kwa hilo Honorata alishukuru.

Jesca akamwonyesha karatasi. "Mama, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na maelezo haya ni ya kweli?"

"Ni ya uongo."

Nickson aliguna. Jesca hakumtazama. "Mama, elewa ninachokuuliza. Uliandika hivi, sasa unasema vile. Ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa?"

"Wakati ule," alisema Honorata. "Niliogopa kukosa kazi, nikasaini huku najua. Andika hivyo hivyo. Elinaza amefanya kazi hapa miaka minne, amekatwa na ile mashine pale, akiwa peke yake."

"Anaropoka," alisema Nickson. "Hana uthibitisho wowote."

"Tazama tarehe," Honorata alimwambia Jesca. "Siku hiyo tulikuwa tunamzika mzee Zephania. Nani atafanya msaragambo maiti iko ndani? Angepigwa faini ya mbuzi, na mvua ikikataa mwaka mzima angelaumiwa yeye. Muulize mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Chome."

Hapo ndipo watu walipocheka. Walikuwa wameisikia hadithi ya panga na mfereji, ila hakuna aliyekuwa ameonyeshwa tarehe. Mtu mmoja akakimbia kwa mwenyekiti wa kitongoji kuleta daftari la msaragambo, lile ambamo huandikwa waliofika na wa kutozwa faini. Ukurasa wa Alhamisi ile haukuwa na jina hata moja. Palikuwa na maneno mawili tu kwa kalamu nyekundu: HAKUNA, MSIBA. Jesca aliupiga picha ukurasa ule mara tatu. Kisha akaketi bandani akaanza kuandika majina ya watu, mmoja mmoja, na alipofika kwa Honorata walikuwa ishirini na watatu.

Nickson alitozwa faini, akadaiwa na michango ya nyuma. Hakumfukuza mtu, kwa kuwa Jesca alimweleza vizuri, mbele ya watu, nini kingetokea akithubutu. Kwa wiki mbili hakumsemesha Honorata. Lakini saa saba ikifika sahani yake ilikuja bandani na ikarudi ofisini imejaa, na Honorata alimpakulia kama kawaida. Karanga hakumpunguzia. Alifikiria kumpunguzia, hilo hatukatai.

Barua ya Elinaza ilifika mwezi uliofuata. Madai yamekubaliwa, matibabu na fidia ya ulemavu. Alikuja bandani akiwa ameishika kwa mkono wa kushoto, amevaa shati la Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano.

"Shikamoo, mama."

Safari hii Honorata alimtazama usoni. "Elinaza, kaa kwanza. Yule shahidi wa ile karatasi ni mimi. Nilitaka uisikie kwangu."

"Najua, mama."

"Wamekwambia."

"Nilijua kabla yao. Nickson aliniletea ile karatasi nikiwa bado hospitali. Alitaka nione kwamba hata wewe umesaini, ili nikate tamaa."

Honorata aliweka mwiko chini. Jumapili zote zile zikampitia kichwani, na salamu zake zote. "Ulijua, na bado ukawa unakuja kuniamkia?"

"Nilijua umeogopa. Hata mimi niliogopa, maombi aliyeandika ni Fortunata. Alitaka kuja kukupigia kelele nyumbani kwako, nikamzuia. Nikamwambia, huyo mama usimgombeze, mwambie tu yaliyotupata, uone."

"Siku ile bombani..."

"Alirudi akaniambia, nimemwambia. Tukakaa tunasubiri."

Honorata alilia palepale, mchana kweupe, na hakusingizia moshi. Elinaza alikaa kwenye gogo akamngoja amalize. Kisha Honorata akampakulia kande.