Maganda ya Shemeji Clete

Verna Haugland hakuwa mtu wa hasira za karibu. Lakini asubuhi ile alishuka mlimani mikono mitupu huku akitetemeka, na si kwa baridi ya Montana, maana hiyo alizaliwa nayo.

Elki jike, yule kulungu mkubwa wa huko, alikuwa amesimama wazi mbele yake akitafuna nyasi. Verna akasukuma komeo la bunduki, risasi ikaingia nusu ikagoma. Akaitoa, akaweka nyingine, nayo ikagoma. Alipolazimisha, chuma kililia, elki akainua kichwa, na nyama ya majira yote ya baridi ikatokomea msituni.

Risasi zile alizitengeneza mwenyewe kwenye meza ya marehemu mumewe, Arlo. Ganda lililokwisha kupigwa unalisafisha, unabana kwenye kalibu ile shingo yake inayoshika kichwa, unatia fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kipya. Na kwa kuwa maganda ya nyumba ile yote yalipigwa kwa bunduki ile ile moja, Arlo alimfundisha kubana shingo tu. Ganda likipigwa hutanuka likachukua umbo la chumba cha bunduki yake; basi bega, pale linapoanza kupanuka chini ya shingo, liachwe, alisema, limeshazoea chumba chake.

Mkahawani, shemeji yake Clete, mdogo wake Arlo, alikuwa ameshapata habari.

"Shemeji, risasi si biskuti," alisema, na meza nzima ikacheka. "Nipe tu bunduki ya kaka. Kwako itaota kutu."

Tangu mazishi wimbo wake ulikuwa huo huo. Mama mkwe naye alishaanza kusema bunduki isiyoleta nyama irudi kwa mtoto wa kiume. Msimu ukiisha Verna hajapata kitu, ingekwenda, na hapakuwa na wa kumtetea.

Alirudi nyumbani hata kahawa hakuimaliza. Akapima urefu wa risasi, akaona uko sawa. Akachukua ganda tupu, akalifukiza kwa moshi wa mshumaa mpaka likawa jeusi lote, akalitia taratibu kwenye chumba cha bunduki, akalitoa. Shingo ilibaki nyeusi. Tumbo nalo lilibaki jeusi. Begani ndipo masizi yalipokwanguliwa, shaba ikang'aa mviringo mzima.

Akaketi. Ganda la bunduki ya Arlo haliwezi kugota bega kwenye bunduki ya Arlo. Basi halikuwa la Arlo.

Akalikumbuka boksi alikoyatoa maganda ya risasi zile. Clete alimletea wiki ya mazishi, uso ameuinamisha, akasema ni maganda ya kaka yaliyosahauliwa kwenye gari lake. Verna alilipakata boksi lile akalia mpaka sauti ikamkauka. Sasa alilisukuma kwa mguu mpaka mlangoni.

Kwa ganda moja la boksi lile akatengeneza risasi kavu, haina fataki wala baruti, akaenda nayo kwa Clete. Alimkuta uani na wale wale wa mkahawani, wanachuna elki aliyempata Clete.

"Lete bunduki yako," alimwambia. "Tia hii. Haina baruti."

Clete alisita, lakini macho ya watu yalikuwa juu yake. Akaitia. Risasi iliteleza ndani bila kelele, na komeo likafungwa kwa kidole kimoja.

"Ulinipa maganda ya bunduki yako, na ulijua nabana shingo tu," Verna alisema. "Wewe na Arlo mlifundishwa na baba mmoja."

"Nilidhani utagundua, shemeji."

"Nimegundua."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alijifanya kunoa kisu kilichokwisha kunolewa. Clete akaitoa ile risasi, akamnyooshea bila kumtazama, lakini Verna hakunyoosha mkono.

"Kaa nayo, ni yako," alisema. "Ungetaka bunduki, Clete, ungeiba bunduki. Mimi niliyalilia maganda haya."

Akageuka kwenda zake. Msimu ulikuwa bado haujafungwa, na kule nyumbani, chini ya meza, kulikuwa na kopo la maganda ya Arlo mwenyewe.