Korongo la Vyura wa Mama

Juu ya kijiji cha Kinole mama alikuwa na shamba la tangawizi, na pembeni yake korongo la migomba mwitu ambalo hakuwahi kulifyeka. Humo waliishi vyura wa mitini, wadogo kama ncha ya kidole gumba. Hawakushuka mtoni. Maji ya mvua hutuama pale jani linaposhikana na shina la mgomba, na humo ndimo walimotaga. Mama alikuwa akivuta jani taratibu, ananionyesha, kisha analirudisha kama anayemfunika mtoto.

Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Siku ya kuanua matanga yake, ukoo uliniuliza mimi, binti pekee, shamba na korongo viweje. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameketi mbele. Nikaona aibu kusema mbele yake. Nikajibu, "Kaka ataamua."

Akaapa mbele ya wote kwamba korongo halitaguswa. Nikashuka mjini kwenye kibarua changu nikiwa na amani.

Masika yalipokwisha nikapanda kuwatazama vyura. Kabla sijafika, niliona mwanga mweupe mahali ambapo sikuzote palikuwa na kivuli. Migomba yote ilikuwa chini, na katikati yake machipukizi ya mananasi yamepangwa mistari. Kaka alikuwa anapalilia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Vyura wa mama wako wapi?"

Akacheka. "We mtoto! Umepanda mlima wote huu kwa ajili ya vyura? Chura ana miguu, kahamia kwa jirani."

"Uliapa."

"Siku ile mama mdogo alikuwa analia, nikaapa ili kumtuliza. Halafu si wewe uliyesema niamue? Nimeamua."

Akaendelea kupalilia. Niliinama nikafunua majani yaliyolala, moja moja. Mengi hayakuwa na kitu. Katika moja niliwakuta wawili wamekauka, wepesi kama maganda ya vitunguu.

Nilikwenda kumshtaki kwa mjomba, anayesimamia ardhi ya ukoo. Nilitaka aseme kaka amekosa, mananasi yang'olewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, siku ile ya matanga neno lilikuwa la nani?"

Ningeweza kusema sikumbuki.

"Lilikuwa langu, mjomba. Nikampa yeye."

Hakumwita kaka. Mananasi yapo mpaka leo.