Niliyechomoa Waya kwa Ta Proje Ni Mimi

Siamini bado kwamba jana tumemfukia Ta Proje kibanjani, kwenye migomba ya kwao Kashozi. Nyinyi mmeshaamini, mmeshalia, mmeshafuta machozi, na sasa mko kwenye comments mnagombana na mimi kuhusu spika.

Basi ndiyo. Yule mwanamke wa kitenge cha kijani kwenye video, anayechomoa waya wakati jeneza linashuka, ni mimi. Acheni kuulizana.

Kwa msiomjua: Projestus, kwa heshima ya Kihaya Ta Proje, alikuwa mwalimu wa kwaya, mkazi wa Nyanga, na jaji mwenzangu kwenye mashindano yetu ya kuibua waimbaji wapya, Bukoba na Muleba. Mimi kazi yangu mnaijua, nawatafutia wanamuziki shoo. Tumekaa meza moja miaka na miaka na sikumbuki siku tuliyokubaliana.

Aliniita Ma Soko, mama wa soko. Mbele za watu, kwenye maiki.

"Ma Soko, wewe unasikiliza kwa pochi."

"Na wewe Ta Proje unajisikiliza mwenyewe. Wimbo usiopigwa harusini umekufa, waitu, jamani!"

Alikuwa anatafuna akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, pale pale meza ya majaji, kama yuko sebuleni kwa shangazi yake. Wimbo ukimgusa, taya linasimama. Usipomgusa anaendelea kutafuna, na mshiriki anamwona. Watoto wa watu wanasahau mashairi kwa sababu ya taya la mtu mzima!

Nilimchukia kwa hilo. Nimeandika nilimchukia, sijakosea kuchapa.

Kuna dada mmoja wa Rwamishenye aliimba Kihaya cha bibi zetu, bila ngoma, bila kinanda. Taya likasimama. Ta Proje akampa kumi, akajipangusa macho na tai.

Mimi nikampa nne. Nilijua hakuna baa wala harusi itakayomwita. Leo anauza mitumba. Nilimuuliza Ta Proje kumi yake ilimsaidia nini yule dada.

"Mimi nilimwambia ukweli," akasema. "Kumlisha ni kazi yenu watu wa soko. Mbona hamkumlisha?"

Nilinuna wiki nzima.

Halafu fainali ya Muleba. Akapanda Baby Sangara na wimbo wake "Minofu". Wavuvi na wachuuzi wa samaki walikuwa wamevuka kutoka visiwani kwa ajili yake tu, ukumbi wote umesimama. Nikampa tisa bila kupepesa macho. Ile ni hit, na muda umenithibitishia, hamna sherehe mkoa huu isiyoipiga.

Ta Proje akampa mbili. Alipozomewa akachukua maiki: "Hata hiyo mbili ni nauli, maana ametoka mbali."

Watu wakatuzingira mlangoni. Badala ya kukimbia, akaanza kuwafundisha kwa nini kiitikio chao ni kibovu! Nilimkokota kwa kola mpaka kwenye gari, shati likachanika, na njia nzima akanilalamikia shati.

Huyo ndiye mtu niliyemjua. Kwa hiyo nilipoanza kuona post zenu za "jaji wa watu", nilitukana peke yangu jikoni. Jaji wa watu gani? Watu alikuwa hawasikilizi kabisa! Alisikiliza wimbo. Mlimsema miaka yote kuwa anaringa, anaharibu biashara, amepitwa na wakati. Presha imemchukua Jumatatu, Jumanne mmeshampa cheo kipya.

Na jana mwenyekiti wa kamati yetu ya mashindano akaja msibani na spika mbili kubwa na bango la mdhamini. Akalifunga kwenye migomba ya marehemu. Eti kumuenzi.

Padri kamaliza. Jeneza linashuka. Na spika zikafunguka: "Wewe minofu, wao mifupa! Wewe minofu, wao mifupa!"

Mawe, mama yangu! Wimbo huo juu ya jeneza! Mjane wake, Ma Leti, kafumba macho kama mtu anayepigwa. Na kijana wa kamati anarekodi, anatafuta views.

Hapo ndipo nilipochomoa. Mnauliza nani alinituma. Hakuna aliyenituma. Nimekaa kando ya lile taya miaka yote ile, nilijua lingekuwa linafanya nini.

Mwenyekiti akanifuata akinong'ona kwa hasira: "Ma Soko, si wewe uliyeupa huo wimbo tisa?"

Niliupa tisa, na leo bado ni tisa. Harusini. Mwenye akili ajue soko linafika wapi na linaishia wapi.

Video yenu imeishia hapo, kwa hiyo hamkuona kilichofuata. Pakabaki sauti ya mabeleshi tu. Kikapu cha akamwani kilikuwa kinazungushwa kwa waombolezaji, nikachota, nikawa natafuna ili nisilie.

Nyuma kabisa, kwenye migomba, mwanamke akaanza kuimba. Kihaya cha bibi zetu, sauti tupu. Sikuhitaji kugeuka. Alikuwa yule dada wa mitumba, amefunga meza yake sokoni amekuja kumzika mtu aliyempa kumi.

Sasa nisikilize mwenyewe, Ta Proje, hawa wengine nimemalizana nao.

Wimbo ule hauuziki. Juzi haukuuzika, jana haukuuzika, na kesho ukiletwa meza ya majaji nitaupa nne tena, unune huko huko uliko.

Ila taya langu lilisimama. Kahawa ikabaki mdomoni mpaka alipomaliza, na nililia mbele ya mwenyekiti, jambo ambalo sitakusamehe.

Nimeona nikuambie wewe kwanza. Lala salama, mkorofi wangu.