Kirusi Kilichorudi Kawangware na Sura Mpya

Saa moja asubuhi, Kasyoka Mbithi anabisha mlango wa mabati Kawangware, sanduku la barafu likining'inia begani. Mama wa nyumba hiyo anamkabidhi kichupa cha kinyesi cha mtoto. Kasyoka anakipokea kwa glavu na kukilaza kwenye barafu taratibu, kama yai.

Mzaliwa huyu wa Kitui ni mhudumu wa afya ya jamii. Nyumba inayoharisha na kutapika, iwe hapa au Kibera, ataifikia, kisha apeleke sampuli maabara.

Wakati wa mvua za mwaka jana, ploti moja ya vyumba vya kupanga hapa Kawangware iliugua karibu yote. Wengi walikuwa wameugua mwaka uliotangulia, wakaamini miili imeshazoea. Lawama zikamwangukia Mukai, anayepika chapati langoni. Wapangaji walimtaka mwenye ploti, Mzee Kabiru, amfukuze. Mukai akazima jiko, akajifungia ndani na wanawe.

"Niliwaomba wangoje majibu ya maabara," anasema Kasyoka. "Wakasema namtetea kwa sababu ni Mkamba mwenzangu."

Majibu yalipotoka, mtaalamu wa maabara, Wangoi, alimwita Kasyoka mbele ya kompyuta. Kirusi kilikuwa cha ukoo uleule wa mwaka uliotangulia, ila ganda lake la nje lilikuwa limebadilika, na kinga ya zamani haikukitambua tena. Tena kilikuwa kimeshapatikana Laini Saba, kule Kibera, kwa watoto ambao hawajawahi kuonja chapati ya Mukai. Kilikuwa kinatembea mjini kwa mikono ya watu.

Kasyoka anakumbuka alivyokitazama kirusi hicho kwenye kompyuta.

"Hakina macho, hakina akili, na ni kidogo kuliko chochote nilichowahi kuambiwa. Lakini kimebadilisha nguo, kikapita mlango uleule tuliokifungia. Mwili ulinisisimka kama niko kanisani."

Jioni hiyo aliwakusanya wapangaji kwenye bomba la maji, akawaeleza, kisha akawaonyesha namna ya kunawa kwa sabuni. Hakuna aliyeomba msamaha. Lakini Mukai alipowasha jiko tena, Mzee Kabiru alinunua chapati mbili, akazila amesimama palepale langoni, wapangaji wote wakimwona.

Sasa Kasyoka anawafunza akina mama wa Laini Saba kuchukua sampuli mapema, mtoto wa kwanza anapougua. Anatumaini siku moja kutapatikana chanjo inayoweza kukifuata kirusi hiki kila kinapobadilika.

"Kitarudi, na sijui kitakuwa na sura gani," anasema, akifunga sanduku. "Nataka kitukute tuko macho."