Pete Iliyopimwa kwa Jani la Sale

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, si jirani yangu wala rafiki wa rafiki. Nimesoma mpaka darasa la saba tu na sina ufundi wa kupamba maneno, kwa hiyo nitaandika nilichokiona kama nilivyokiona. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Ukiona mahali nimejipendelea, usiniamini hapo. Kwingine kote niamini.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, mitumba imejaa Moshi nzima, na vijana wanarudi kutoka Mererani na mawe ya buluu mfukoni. Nilikuwa na meza ya makoti sokoni Pasua. Kijana mmoja akachukua makoti kwangu akaniachia jiwe dogo la tanzanaiti, nami nikalipeleka kwa sonara. Wazazi wetu walichumbiana kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na mambo yakaisha. Lakini siku zile kila msichana aliyetoka kanisani alitazamwa kidoleni, na mimi sikutaka Felista wangu atazamwe bure.

Felista ni wa Uru, mtoto wa wakulima wa kahawa. Wazee walishakubaliana. Jumapili iliyofuata ningemvisha pete nyumbani kwao mbele ya pande zote mbili, na pete ile ikikwama, aibu ingekuwa yake kuliko yangu.

Sonara, Mzee Shomari, aligeuza jiwe langu mbele ya taa.

"Unataka lishikweje? Kwa kucha nne, au nilizamishe kwenye kikombe cha dhahabu?"

Nikasema kucha, kwa sababu zinang'aa zaidi.

"Huyo binti anafanya kazi gani?"

"Anakata majani ya ng'ombe, mzee. Anachuma kahawa."

"Basi kucha zitanasa kila kitu, mpaka shuka. Wewe unamwoa binti au unaoa pete?"

Nikakubali kikombe. Akauliza kidole chake kikoje. Nikasema cha kawaida.

"Kidole cha kawaida sijawahi kukiona," akasema, akanikatia uzi. "Zungusha, funga fundo, niletee."

Ningeweza kumleta Felista dukani. Mzee mwenyewe alisema hivyo. Lakini nilitaka iwe ghafla, nione uso wake. Nikapanda Uru na uzi mfukoni, nikipanga kumchezea vidole huku tunaongea. Sikumkuta, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikaanza kushuka, na ukungu ukashuka pamoja nami, ule wa Julai unaogeuza mchana kuwa magharibi.

Mwisho wa kihamba chao, yaani shamba la migomba la ukoo, pale penye ua wa masale, alisimama dada mmoja wa rika langu na mzigo wa majani kichwani. Alifunga kitenge cha njano. Alinicheka kabla sijamwamkia, na akicheka jicho moja lilifinyika.

"Shemeji, unashuka mikono mitupu?"

"Felista sikumkuta."

"Ameenda kuimba. Na wewe hukumfuata Felista, umefuata kidole. Vidole na mimi ninavyo."

Alijuaje? Nilidhani Mzee Shomari ana mdomo. Nilimsingizia moyoni, na hakuwa na kosa lolote.

"Huku kwetu wote tuna mikono ya bibi mmoja," akasema. "Pima, uondoke. Utanyeshewa."

Akaninyooshea mkono wa kushoto. Nikazungusha uzi, ukakatika. Nikazungusha kipande kilichobaki, nacho kikakatika.

"Uzi wa mjini huo. Sale si hilo hapo? Chana."

Sasa hapa nisikilizeni. Kwa msiolijua, sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Jani lake halichezewi. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo unampelekea, naye hawezi kukataa kukusamehe. Neno likifungwa kwa sale limefungwa. Mimi nimekulia Soweto, mjini, lakini siwezi kusema sikujua. Nilijua. Nikachana jani, nikalizungusha kwenye kidole chake, nikafunga.

Kidole kilikuwa cha baridi kama jiwe la mtoni. Lakini kwa haki, Julai kule kila mtu ana mikono ya baridi.

"Haya, umefunga mwenyewe," akasema. "Mimi sikukushika."

Akalivua jani taratibu, akanipa, akaingia migombani. Nilipofika mjini nilikuwa nimelowa mpaka shati la ndani, ndipo nikakumbuka kwamba majani kichwani kwake yalikuwa makavu.

Mzee Shomari aliliangalia lile jani kwa muda. "Mbona hukuleta uzi?" Nikamwambia ulikatika. Alifanya kazi safi. Jiwe lilikaa ndani ya kikombe kama jicho, na pete ikalingana na fundo langu sawasawa.

Jumapili tulikaa ndani, wazee wa kwetu upande huu, wa kwao upande ule. Nikashika mkono wa Felista. Pete ikapita ncha ya kidole, ikakwama kwenye kifundo.

Wamama wakacheka. "Leteni sabuni."

"Leteni na samli kabisa. Nyie mmemlisha nini mtoto wiki hii?" mama mmoja wa upande wetu akadakia.

Felista naye alicheka, mwanzoni. Sabuni ikaja, kidole kikavimba, pete haikusogea mbele. Akaacha kucheka, akaivua, akanitazama.

Baba yake akauliza polepole, "Kijana, ulipima kidole cha nani?"

Nikasema yote. Ukungu, mzigo wa majani, uzi, sale. Niliposema kitenge cha njano na jicho linalofinyika, mama yake Felista aliweka kikombe chini.

"Huyo ni wifi yangu, Adela," akasema. "Angekuwa hai ungemwita shangazi. Homa ilimchukua akiwa amebakiza siku chache avishwe pete. Yale masale ni ya kaburi lake, aliyapanda huyu baba hapa kwa mkono wake."

 

Baba akatoka, akarudi na jani la sale, akalifunga fundo, akanipa. Tukaenda wote mpaka kaburini. Nikapiga magoti kwenye tope nikaomba msamaha kwa marehemu, naye baba akaomba kwa Kichagga, kwa maneno ambayo sikuyafuata yote. Felista alikuwa amesimama nyuma yangu na ile pete kiganjani.

"Mpe," akasema. "Ilipimwa kwake."

Tukaifukia pale, na jiwe lake.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Felista dukani. Mzee Shomari alimpima mwenyewe kwa vyuma vyake vya kupimia, akamtengenezea pete isiyo na jiwe. "Kumbe kidole kinatembea chenyewe mpaka dukani," akasema, "na wewe ulikuwa unahangaika na majani." Pete ikaingia bila sabuni. Tukafunga ndoa, tukapata watoto, hatujalala njaa. Siwezi kusema tumelaaniwa. Nisiongeze chumvi.

Lakini kuna kitu sikukisema siku ile mbele ya wazee. Nilipomaliza kufunga fundo, sikukiachia kidole mara moja. Nilikishika. Kwa muda gani sijui, na kama ni yeye aliyenifanya hivyo, hilo nalo sijui. Ningependa kusema ni yeye. Felista hakuniuliza, ila nadhani ananijua. Na pale kaburini niliomba msamaha tu. Sikuomba aniachie.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaotaka kumshtukiza mtu kwa pete, acheni. Mpeleke mwenyewe dukani, kidole chake kipimwe mbele yake, achague mwenyewe jiwe lishikwe kwa kucha au kwa kikombe. Na usikubali kupimia kidole cha mwingine, hata kama amekinyoosha bila kuombwa na wewe unaikimbia mvua.

Bado tunakwenda Uru kila Krismasi. Njia ni ileile. Tukifika penye masale, Felista husimama na kusema, "Shikamoo shangazi," kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha hunisubiri. Mimi sasa nina mvi. Aliyelala pale alikufa akiwa msichana, na aliniita shemeji. Kila mwaka nafungua kinywa bila kujua nimwamkie vipi, na kila mwaka mke wangu husimama pale akisikiliza.